Gita la besi used limeshuka bei hivi kweli au nakutana na madalali tu?

NyuziNne_Tabata (mleta uzi)

Wakuu habari za mchana, mliotutangulia shikamooni.

Naombeni msaada kwa wanaolijua soko la vyombo vya muziki maana nimechanganyikiwa. Nina gita la besi Fender Jazz Bass, lile linalotengenezwa Mexico, la series ya Player, nyuzi nne, rangi ya sanbasti. Nililichukua 2021 kwa jamaa alikuwa anashuka kutoka Marekani, jipya na begi lake, nikampa milioni mbili na laki mbili keshi. Limetunzwa, halijawahi kulala stoo ya kanisa, halijawahi kuazimwa, linapigwa na mimi tu sebuleni na kwenye shoo moja moja za wikiendi.

Sasa Januari mnaijua ilivyo, nikasema acha niliuze. Nikaliweka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook kwa moja na laki nane nikijua watagombania maana Fender ni Fender. Wa kwanza kauliza "mwisho ngapi", nikamwambia moja na saba, akanijibu laki sita na ka emoji ka kuomba. Winga mmoja wa Kariakoo kanipigia kabisa anasema bosi laki nane sahivi hii boda iko chini inaunguruma. Aliyefika juu kuliko wote kasema laki tisa na nusu ila nimuwekee na amplifaya, yani amp yangu iwe kifuta jasho.

Nikajua labda wananichezea, ila kuna mshkaji alikuwa na besi la Squier (ile brandi ya bei rahisi ya Fender) alinunua laki sita na nusu mwaka 2022 juzi kaitoa laki tatu na anashukuru. Af nikiangalia wapiga solo naona magita yao yanaondoka haraka kidogo, besi ndo linakaa mpaka vumbi linaingia kwenye picha.

Maswali yangu ni haya, bei zimeshuka duniani kote au ni huku kwetu tu hela hamna? Nisubiri zipande au niuze? Na kama nauza bei ya haki ni ipi? Naomba mtu anipe maelezo ya kueleweka sio kunikatisha tamaa.

---

Kiroboto wa Mjini

Weka picha kwanza. Na namba ya siriali. Besi bila picha ni story.

---

dogo_winga

Laki 7 na nusu nakuja nazo leo leo mkuu, hela ya mkononi

---

NyuziNne_Tabata

Dogo winga we si ndo yule wa laki nane? Kumbe kila nikikaa kimya inashuka 😂

---

MkulimaKöln

Mleta mada mimi nipo Ujerumani, kazi yangu nyingine ila besi ndo ugonjwa wangu, hivyo haya mambo ya bei naangalia kila siku kabla ya kulala mpaka mke wangu kashanichoka. Ngoja nikuelezee kinachotokea huku halafu utaunganisha mwenyewe na huko.

Kwanza hilo gita lako ulilinunua wakati mbaya, na sio kosa lako, dunia nzima ilinunua wakati huo. 2020 watu walifungiwa ndani, kila mtu akasema ngoja nijifunze chombo. Fender wenyewe walitangaza 2020 ndo mwaka waliouza kuliko mwaka wowote katika historia yao, na kampuni imeanza miaka ya 40 huko. Viwanda vikazidiwa, mapya yakakosekana madukani, used zikapanda mpaka zikakaribia bei ya dukani. Halafu watu wakarudi kazini. Wale waliojifunza wimbo mmoja na nusu wakaanza kuyatoa chini ya kitanda. Kuanzia 2022 hivi huku ukifungua Kleinanzeigen, mtandao wa matangazo ya vitu used, unakuta mabesi yamepangana, maelezo yote yanafanana, "limepigwa kidogo sana, nauza kwa sababu ya kukosa muda". Wauzaji wengi kuliko wanunuzi, hapo bei inaenda wapi kama sio chini.

Pili, na hii ndo kubwa kuliko hata korona, gita jipya la bei rahisi limekuwa zuri. Zamani ukinunua besi la bei ya chini ulikuwa unapata ubao wenye nyuzi, freti (vile vyuma vya shingoni) zinakata vidole, haliwezi kukaa kwenye tyuni nyimbo mbili. Sasa hivi miti inachongwa na mashine za kompyuta, shingo ya gita la bei chee na la bei kali zinatoka na vipimo vile vile. Cort ni Wakorea ila wana kiwanda kikubwa Surabaya Indonesia, humo humo yanatengenezwa mabesi ya majina makubwa kibao. Squier ya siku hizi ile Classic Vibe ukifunga macho mtu akupe hiyo na Fender ya Mexico, wengi hawatajua ipi ni ipi. Hapa Ujerumani kuna duka la Thomann liko kijijini kabisa Treppendorf kule Bavaria, wana brandi yao inaitwa Harley Benton, besi jipya unapata chini ya euro 150 linaletwa mpaka mlangoni, usipolipenda unalirudisha ndani ya siku 30. Sasa niambie nani atanunua Squier iliyotumika kwa euro 200 kwa mtu asiyemjua, hana warantii, hana kurudisha? Basi Squier used inashuka. Ikishuka Squier, la Mexico used nalo linavutwa chini maana mtu anasema tofauti ni kubwa mno ngoja nichukue Squier. Na likishuka la Mexico, la Marekani nalo linaanza kuyumba. Bei ya used inasukumwa toka chini, haijali wewe ulinunua shilingi ngapi.

Tatu, series yako ya Player ilitoka 2018, mwaka 2024 Fender wakatoa Player II. Na hapa kuna kastori. Mwaka 2017 ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliweka miti yote ya jamii ya rosewood kwenye udhibiti, wakaona usumbufu wa vibali ni mkubwa, Fender wakaitoa rosewood kwenye magita ya Mexico wakaweka mti mwingine unaitwa pau ferro. Vyombo vya muziki vikapewa nafuu mwishoni mwa 2019, na Player II ikarudi na rosewood. Sikioni hakuna tofauti ya maana kwa maoni yangu, ila wanunuzi wa magita wana imani zao, wakisikia rosewood mate yanawatoka. (Mpingo wetu wa Kilwa na Lindi, unaotengenezewa klarineti za wazungu, nao ni jamii moja na rosewood, ilibidi na wenyewe uingie kwenye mkumbo ule ule wa vibali.) Kwahiyo la kwako saizi ni "modeli ya zamani" bila kuwa la zamani la kutafutwa. Ya zamani ya kutafutwa ni zile kabla CBS hawajainunua Fender Januari 1965, hizo bei yake ni ya nyumba, usijilinganishe nazo.

Kuhusu kwanini solo zinatoka na besi halitoki, hesabu ya bendi tu. Bendi moja ina solo, rizimu, pengine na second solo, besi ni moja. Wanaojifunza gita nyumbani karibu wote wanaanza na la nyuzi sita. Af besi ni refu na zito, kuanzia kwenye nati (kale kapande kanakoshika nyuzi karibu na kichwa) mpaka daraja peke yake ni inchi 34, ukilifunga kwenye boksi kampuni za mizigo wanakuchaji kwa ukubwa, hivyo huku wengi wanaandika "njoo uchukue mwenyewe" na hapo unabaki na wanunuzi wa mji wako tu.

Bei sasa. 2021 dola ilikuwa kama 2,300, hivyo wewe ulitoa kama dola 950. Used la aina yako naona Marekani linazunguka dola 500 mpaka 600. Piga kwa 2,500 ni milioni moja na robo mpaka moja na nusu. Hiyo ni sokoni kule, ambako kuna wanunuzi. Huko Tabata toa kidogo.

---

Babu Dansi

Marahaba wanangu.

Huyo wa Ujerumani kasema vizuri ila kasema ya kule. Ya hapa ni kwamba besi halina kazi. Sisi tumepiga muziki wakati bendi ni za mashirika, NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya vijana wa chama, Bima Lee shirika la bima, Mlimani Park ile DDC mbele yake ni shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki hakuwa na gita lake, ukihama bendi unaacha gita pale pale unaondoka na vidole vyako, ndo maana bosi mwenye vyombo alikuwa na nguvu. Miaka ya themanini mwanzoni fedha za kigeni hamna, nyuzi za besi zenyewe tulikuwa tunazichemsha kwenye maji zipate kulia tena. Gita likiuzwa enzi hizo linauzwa kimya kimya na halijawahi kushuka bei maana lingine halipo.

Sasa hivi kila kijana ana gita lake na kazi hamna. Harusi ni MC na DJ, kigodoro ni singeli inatoka kwenye laptop, msiba una spika. Bongo fleva besi wanabonyeza kwenye kompyuta. Hizo kumbi zilizokuwa zinajaza bendi Ijumaa mpaka Jumapili nyingine ni maghala. Kwahiyo mwanangu wa Tabata chukua hiyo laki tisa na nusu kabla hajabadili mawazo, amp mpe.

---

Kiroboto wa Mjini

Kuchemsha nyuzi 😂😂 babu heshima yako, na inafanya kazi kweli nimewahi kufanya wiki ya tamasha

---

DadaBesi_Mwanza

Babu shikamoo, hapo kwenye besi halina kazi nakupinga kwa adabu zote. Kazi ipo ila imehamia makanisani. Mimi napiga besi kwaya na praise tim, Jumapili nina ibada mbili, katikati ya wiki mazoezi, na kila mwezi sikosi kuitwa kurekodi au kwenye tamasha la injili. Wapiga besi tupo wengi kuliko enzi zenu, tatizo la huyu kaka wa Tabata ni kitu kingine kabisa ambacho hakuna aliyekigusa, gita lake ni la nyuzi NNE.

Kanisani saizi kila mtu anataka nyuzi tano. Na sio mashauzi. Kwenye nyuzi nne noti ya chini kabisa ni E. Mpiga kinanda wetu anapenda funguo za vitufe vyeusi, Eb, Db, Ab, na mwimbishaji akipandwa na Roho anapandisha nusu nusu mpaka hujui mtaishia wapi. Sasa wimbo uko Eb, pale wanapotua kanisa zima linasubiri ule mzito wa chini, wewe mwenye nyuzi nne inabidi urukie Eb ya juu, inasikika kama umekimbia. Mwenye nyuzi tano anashuka kwenye B anatua palepale, hata kama spika za kanisa zenyewe haziwezi kuitoa vizuri hiyo sauti ya chini maana uzi wa B ukiachwa wazi ni kama Hz 31 na spika zetu nyingi zinaanza kuhangaika kabla hata ya hapo. Vijana wa sebene nao hivyo hivyo, wakiona nyuzi nne wanauliza uzi mwingine umekatika? Ndo maana Yamaha TRBX305 au Ibanez ya nyuzi tano ikiwekwa kwenye grupu haimalizi siku mbili, hata iwe imechubuka. Nyuzi nne wanaozitaka ni wapenzi wa zilizopendwa, wapigaji wa funk, watu wa studio na wanafunzi. Ni wateja wazuri ila wachache, na wanafunzi hawana 1.8M.

La pili ni la risiti. Mnunuzi mkubwa wa vyombo hapa nchini ni kanisa, tukubaliane. Kanisa halinunui kwako Tabata. Mimi nimekaa kwenye kamati ya vyombo nawaambieni, kuna mhasibu anataka risiti ya EFD, kuna mzee wa kanisa anauliza kwanini tumenunua kilichotumika wakati waumini walichangia kipya, halafu kuna siku ya uzinduzi wa vyombo, mgeni rasmi anakuja, vyombo vinawekwa mbele kwenye maboksi yake watu wanavishangilia na kuviombea. Utaweka gita lenye alama ya mkanda wa mtu mbele ya mgeni rasmi? Niliwahi kupendekeza tuchukue used moja zuri sana ya Kijapani kwa bei ya jipya la hovyo, nikaulizwa kama huyo muuzaji ni ndugu yangu. Tukanunua jipya la Mchina nyuzi tano, na niseme ukweli, linapiga.

Kwahiyo wanaonunua used ni watu binafsi kama sisi, tunaolipwa nauli na chakula. Hapo ndo bei yako inapokwama kaka.

---

MkulimaKöln

Dada hilo la risiti na uzinduzi limenifungua macho, huku ni kinyume, kanisa linatafuta used ili kubana matumizi.

---

Otis wa Umoja

Salaam kutoka Nairobi. Huku kwetu story ni karibu hiyo hiyo ila iko na tofauti kidogo. Benga bila besi si benga, kwa hivyo hao wasee wa bendi za Luo na za Kikuyu bado wananunua, na hawana shida na nyuzi nne, wengi hata ndiyo wanapenda. Lakini wasee wa church ni five string tu kama huyo dada anavyosema. Mimi hununua na kuuza vyombo kando ya kazi, na kitu nimeona ni kwamba zamani mtu akitoka majuu na gita alikuwa anaeza itisha bei yoyote juu hakuna mahali ingine ungeipata. Siku hizi kijana ana simu, anafungua Reverb, ile soko ya vyombo vya muziki ya online, anaona hiyo gita yako inauzwa dola ngapi Amerika, anakuonyesha skrini. Sasa utamwambia nini? Ile faida ya "nimeleta kutoka nje" imekufa. Unabaki na faida ya "iko hapa, ishike, ipige, enda nayo", na hiyo ni kitu ya maana usiidharau, lakini si ya kuongeza nusu ya bei.

Na usiuze kwa magrupu ya wauzaji. Hapo wote ni mabroka wanaangaliana. Enda nayo jam sesheni, ipige, mpatie mwingine aipige. Besi inauzwa na vidole.

---

Fundi Magita Temeke

Nasoma tu toka asubuhi nikasema nisichangie ila mmenigusa.

Wadau, kuna sababu nyingine watu wanatoa bei za kutukana, wanaogopa. Fender feki zimejaa. Mimi hapa mezani naletewa gita limeandikwa Fender kichwani, nikifungua shingo ndani hamna kitu, mbao za kubandika, pikapu (zile za sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) hazina hata chapa. Mtu kaliwa milioni. Akitoka hapo anawaambia wenzake kumi na kila Fender inayokuja inaulizwa maswali. Kwahiyo kaka usipothibitisha kwamba ni la kweli, mnunuzi anakupa bei ya feki ili akipigwa asiumie sana.

Kuthibitisha ni rahisi. Fender za Mexico za miaka hii siriali inaanza na MX halafu tarakimu mbili za mwaka, hivyo la kwako kama ni la 2021 tegemea MX21 au MX20 hivi, piga picha hiyo ionekane. Siriali peke yake haitoshi maana feki nao wanaandika, kwahiyo legeza nyuzi, fungua zile skrubu nne za bati la nyuma, toa shingo, piga picha kisigino cha shingo na mfuko wake, kuna mihuri ya kiwandani mle. Fungua na bati la vitufe piga picha ya waya na poti (zile zinazozungushwa na vitufe vya sauti). Mtu makini akiona picha za ndani anajua muuzaji haogopi kitu. Kama huna mkono wa kufungua peleka kwa fundi usije ukaua njia za skrubu.

Halafu hali ya gita. Hapa pwani unyevu na chumvi ni adui. Begi laini chini ya kitanda miaka mitatu, mashine za kukazia nyuzi zinaota kutu, shingo inapinda mbele, nyuzi zinapanda juu mpaka unapitisha kidole chini yake. Muuzaji yeye kashazoea, mnunuzi akilishika tu anasema hili limechoka. Na kumbe ni kukaza trasi rodi, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo, kwa alenki, robo mzunguko unasubiri unaangalia tena, usikaze kwa hasira utavunja na hapo shingo imekwisha. Badilisha nyuzi, safisha freti, poti zikikwaruza puliza dawa ya umeme sio WD ile ya bawaba, jeki (tundu la kuchomeka waya) ikicheza ikazwe. Kazi yote hiyo haifiki laki moja na nyuzi juu, na nimeona magita yakipanda laki mbili kwa sababu tu yanapigika pale pale mnunuzi anapoyachukua. Watu wanaweka tangazo nyuzi zina rangi ya udongo wanashangaa hawapigiwi.

Kuhusu Squier ya laki tatu aliyosema, hiyo bei ni ya haki wala hakuonewa. Jipya la Mchina la kufanana nalo nalijua linauzwa laki nne, nne na nusu hapo Kariakoo na risiti yake juu.

---

NyuziNne_Tabata

Nimesoma zote mara mbili. Babu shikamoo tena, ila amp sitoi hata kwa mtutu 😅

Nimekwenda kuangalia siriali, inaanza MX20, kumbe lilikaa dukani kidogo kabla jamaa hajalichukua. Ubao wa freti ni wa rangi ya kahawia, sasa baada ya kusoma hapa najua ni hiyo pau ferro na sio rosewood kama nilivyoandika kwenye tangazo, nimeshabadilisha tangazo.

Swali la nyongeza. Kuna dogo wa kanisa moja hapa jirani ana Yamaha TRBX305 nyuzi tano, lina umri kama la kwangu, anataka Fender kwa ajili ya studio. Anasema tubadilishane na aniongezee laki nne. Hiyo inaingia akilini? Maana kwa maelezo ya dada Mwanza hilo la nyuzi tano nikitaka kuliuza linatoka haraka. Na wengine mnasemaje kuhusu kusubiri, mbona nasikia Marekani wamepandisha ushuru huenda used zikapanda?

---

MkulimaKöln

Ushuru wa Trump wa 2025 umefanya mapya yapande kule, ni kweli, na jipya likipanda used inapata pumzi kidogo. Ila hiyo pumzi inaishia kule kwa mwenye kuuza kule. Wewe unashindana na la Mchina la Kariakoo na hilo halipiti Marekani. Af kumbuka 2024 Sam Ash, maduka ya vyombo yaliyoanza 1924 New York, yalifunga yote, miaka mia moja kasoro hakuna, wakauza stoo nzima kwa punguzo. Biashara yenyewe ya vyombo imetikisika, sio wakati wa kutegemea kwamba mwakani bei zitaruka. Gita sio kiwanja, kadri unavyokaa nalo bila kulipiga unalipa gharama ya kulitunza tu. Kama hela inahitajika sasa uza sasa, kama haihitajiki kaa nalo ulipige, kusubiri bei ndo kitu pekee ambacho sikioni sababu.

---

DadaBesi_Mwanza

Mbadilishano ni mzuri kaka. Yamaha hiyo hata kwa laki nane naijua itaondoka, ongeza laki nne umefika milioni na laki mbili, na hiyo ndo karibu na bei ya juu aliyokupigia kaka wa Ujerumani baada ya kutoa toa. Tena unapata laki nne leo na kitu kinachouzika kesho. Ila mwambie afike laki tano, vijana wa studio wana hela kuliko wanavyosema. Na kama litakukaa mkononi ukalipenda usije kunilaumu, nyuzi tano ukizoea hurudi.

---

Otis wa Umoja

Chukua hiyo dili. Lakini jaribu kwanza uzi wa B kwa amp kubwa, si ya nyumbani.

---

Fundi Magita Temeke

Mwenzangu wa Nairobi kasema la msingi. TRBX ina saketi ya aktivu inakula betri ya voti 9 ile ya mraba, usikubali kulijaribu na betri ya zamani utaona sauti inakwaruza ukadhani pikapu imekufa, au kinyume chake atakuambia "ni betri tu" kumbe saketi imeingia jasho la ibada za mikesha. Nenda na betri yako mpya mfukoni. Zungusha kila kitufe mwanzo mwisho usikilize, kile cha kuchagua mlio kigeuze nafasi zote. Uzi wa B upige freti ya 5 na ya 12 halafu acha wazi, ukisikia unatetemeka kama waya wa kuanikia nguo shingo inataka kazi, sio kuachana nalo ila ni laki iongezwe upande wako. Ukitaka njooni wote wawili Temeke, nitayaweka yote mezani mbele yenu na kila mtu anaona anachukua nini. Jumamosi nipo mpaka saa kumi jioni.